Swali la mwanafunzi pale Mkunazini

Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash. Tulipofika kwenye zile sanamu za watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, mvulana mmoja alimgeukia mwenzake mwenye asili ya Kiarabu akamwambia, "Babu zako ndio walituuza." Yule mtoto aliinamisha kichwa, akawa anachezea kamba ya begi lake, nami nikatambua kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa darasani nilikuwa nimewafundisha "Waarabu" na "Waafrika" kana kwamba ni timu mbili za mpira. Tulikaa kivulini, nikawaeleza habari za Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu mwenye damu ya Kiarabu na ya Kiafrika, za watawala wa bara waliouza mateka wao, na za matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha za misafara. Sikuficha kwamba waliouzwa walikuwa Waafrika. Mvulana yule aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwalimu, mimi nimetoka kwa waliouza au waliouzwa?" Nilimwambia sijui.