Sekunde 10 zilizoninyima Wi-Fi kwenye Linux

Laptopu yangu ni ya mwaka 2013, RAM GB 4. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalipofika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, kuhamia Windows 11 haikuwezekana, kwani mashine haina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai. Lakini bado nzima, na kuitupa sikutaka kabisa. Nikaandaa flashi ya Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, toleo jepesi la Xfce, nikaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Sauti ikatoka, LibreOffice ikafungua nyaraka zangu zote. Kilichokosekana ni Wi-Fi tu.

Nilinakili mafaili kwenye diski ya nje, nikaisakinisha Mint hivyo hivyo. Kwenye terminali nikaandika lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani na draiva zake, yaani programu zinazoviendesha. Kadi ya Wi-Fi ilikuwemo kwenye orodha, ila mstari wa "Kernel driver in use" haukuwepo chini yake. Draiva nyingi huja ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi. Ya kadi hii imefungwa, lazima iletwe kando. Na hapo ndipo mtu anapoona kwa macho yake uwazi wa msimbo una faida gani.

Utaipakuaje bila intaneti? Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikairuhusu igawe intaneti, Mint ikaipokea kama mtandao wa waya. Nikafungua Driver Manager, nikachagua draiva iliyopendekezwa. Katikati nikaombwa nitunge paswedi ya Secure Boot, kinga inayozuia msimbo usioidhinishwa mashine inapowaka. Nikatunga, nikaristati, nikainuka kidogo. Kurudi, Wi-Fi hakuna.

Siku nzima ya pili iliishia hapo. Draiva niliiondoa na kuirudisha mara tatu. Mwishowe nikajaribu kuipakia mwenyewe kwa amri ya modprobe, nikajibiwa: "Key was rejected by service". Kumbe tatizo ni ufunguo! Draiva ile hujengwa papo hapo kwenye mashine na kutiwa saini kwa ufunguo mpya (MOK), nao Secure Boot haiukubali mpaka mwenye mashine auidhinishe kwa mkono wake. Kazi hiyo hufanyika kwenye skrini ya bluu inayotokea kabla Linux haijaanza, na skrini hiyo hungoja sekunde 10 tu. Ilitokea nikiwa sipo.

Wengi hushauri kuizima Secure Boot. Kweli inasaidia, lakini mimi naona si sawa kuondoa kinga ya mashine nzima kwa ajili ya kadi moja. Ili kuomba upya ufunguo uidhinishwe, nikaandika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, nikatunga paswedi ya herufi na tarakimu za kawaida tu, kwa kuwa skrini ile hufuata mpangilio wa kibodi ya Marekani. Nikaristati, na safari hii sikubanduka. Skrini ilipotokea nikabonyeza kitufe haraka: Enroll MOK, Continue, Yes, paswedi, Reboot.

Mint ilipofunguka, majina ya mitandao yalikuwa yamejipanga pale kwenye alama ya Wi-Fi. Nikachomoa waya wa simu.