Kurefusha mguu ukiwa mwanafunzi: hesabu ya miezi kwa walio Kigoma na Tabora

Mwanafunzi anayepangiwa kurefushwa mguu kwa fremu (pete za chuma zinazouzunguka mguu kwa nje, zimeshikwa kwenye mfupa kwa pini na kuunganishwa kwa fito zenye nati) karibu kila mara hupiga hesabu hii: sentimita 5 ni milimita 50, mfupa unavutwa milimita 1 kwa siku, basi siku 50, likizo inatosha. Hesabu hiyo haina kosa, ila imehesabu theluthi moja tu ya kazi.

Mfupa ukishakatwa hauvutwi papo hapo. Huachwa siku 5 hadi 10 ili tishu mpya zianze kujijenga kwenye mkato. Ndipo kuvuta kunaanza, robo milimita mara 4 kwa siku. Urefu ukifikiwa, kilichojaa kwenye pengo bado ni laini, na fremu haitoki mpaka kikomae. Kukomaa huchukua mara 2 ya muda wa kuvuta, mara nyingine zaidi. Utaratibu huu wa polepole ulianzia kwa daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950, na mpaka leo kipimo cha kushika ni mwezi 1 hadi mwezi 1 na nusu wa fremu kwa kila sentimita.

Sasa weka kalenda ya shule juu yake. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, na kidato cha tano hufunguliwa Julai. Ukipasuliwa tarehe 1 Desemba na kuanza kuvuta tarehe 8, sentimita 5 zinatimia 26 Januari. Ongeza siku 100 za kukomaa, unafika 6 Mei. Fremu ikitoka, mguu mara nyingi hufungwa hogo au kishikizo kwa wiki 4 hadi 6, yaani mpaka katikati ya Juni. Muda unatosha, lakini akiba ni wiki 2 tu, na pini moja iliyotunga usaha inazimaliza. Hapo TAMISEMI inaweza kuwa imekupangia bweni mkoa wa mbali, na huko hakuna anayeujua mguu wako. Akiba inayotakiwa kweli ni miezi 2. Kama kalenda haina miezi hiyo, zungumza na daktari kuhusu kurefusha sentimita 4 badala ya 5, kwa sababu tofauti isiyofika sentimita 2 hubebwa na soli iliyoongezwa kwenye kiatu.

Kwa kidato cha sita, anayepasuliwa mwisho wa Mei atakaa na fremu mpaka mwanzoni mwa Novemba, na wito wa JKT unaangukia humo humo. Ripoti ya daktari iwe mkononi kabla majina hayajatoka. Wa chuo anayesubiri mitihani ya Julai iishe atakuwa bado na fremu vyuo vikifunguliwa. Anaweza kuhudhuria vipindi kwa magongo kama chumba kiko chini, choo kina kiti na darasa haliko mbali. Kikikosekana kimoja, aandike barua ya kuahirisha masomo mapema, pamoja na kuuliza mkopo wake utakuwaje. Barua inayoandikwa baada ya kukosa majaribio mawili huwa na mazungumzo marefu zaidi.

Kipindi cha kuvuta usikipangie mtihani wowote. Usingizi ni wa vipande, dawa za maumivu zinalegeza akili, na nati zina saa zao: 12 asubuhi, 6 mchana, 12 jioni, 6 usiku. Kwenye fremu ya kawaida ya Ilizarov, mzunguko mmoja kamili wa nati ni milimita 1, kwa hiyo kila zamu ni robo mzunguko kwenye kila fito, kwa spana namba 10. Paka tone la rangi ya kucha upande mmoja wa kila nati, na chora mshale wa mwelekeo kwenye kipande cha plasta ulichobandika kwenye pete ya juu. Wapo wanaozungusha kinyume kwa siku kadhaa na kugundua kwenye picha ya eksirei. Daftari liwe na tarehe na safu 4, unatia alama kila unapozungusha. Ukikosa zamu usizungushe mara mbili kufidia, piga simu. Nati ikiwa ngumu ghafla na maumivu yakapanda, huenda mfupa umeanza kufunga kabla ya wakati, na kutafuta spana ndefu zaidi hakusaidii. Vidole vikifa ganzi, mishipa ya fahamu inavutwa kuliko inavyostahimili, na daktari atapunguza kasi.

Kwa sababu hiyo, kwa anayepewa rufaa kutoka hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora) kwenda Mwanza au Dar es Salaam, miezi 2 ya kwanza ni ya kuishi karibu na hospitali iliyokupasua. Picha ya eksirei huhitajika kila baada ya wiki 1 au 2, na reli ya Dar mpaka Kigoma inapita kilomita 1,200. Tafuta ndugu wa kukupokea kabla ya kutafuta nauli. Kurudi nyumbani ni kwenye kipindi cha kukomaa, ambapo picha ya kila mwezi inaweza kupigwa mkoani na kutumwa kwa daktari kwa simu. Safiri kwa treni, daraja la pili kulala, mguu umenyooshwa.

Nyumbani, adui wa kila siku ni goti na kisigino. Mfupa unarefuka, misuli inabaki nyuma, kwa hiyo goti linakunjika na unyayo unaelekea chini. Usiweke mto chini ya goti hata likiuma. Uweke chini ya kisigino ili goti linyooke. Zungusha kanga kwenye unyayo, vuta vidole kuelekea kwako, shikilia kwa nusu dakika, rudia mara 10, mara kadhaa kwa siku. Ambaye hafanyi hivi anaweza kupata urefu aliotaka pamoja na mguu unaokanyagia vidole.

Pini zisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa au dawa uliyopewa, kila pini na gozi lake. Majimaji mepesi ni kawaida. Wekundu unaosambaa, joto na usaha ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Diklofenaki ya duka la dawa usinunue bila kuuliza, maana dawa za kundi hilo zinaweza kuchelewesha mfupa. Sigara vilevile, na nasema hivi nikijua Tabora inaishi kwa tumbaku. Dagaa, kwa bahati nzuri, ni kalsiamu na protini pamoja, na Kigoma hawakosekani.

Bajeti nyingi husahau kuwa kutoa fremu nako mara nyingi huhitaji chumba cha upasuaji. Ulizia gharama hiyo, pamoja na bima inalipa nini, kabla ya kusaini. Baada ya fremu kutoka mfupa mpya bado unaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, kwa hiyo hakuna bodaboda mpaka daktari aruhusu, na mpira usiupangie kabla ya mwaka kutimia tangu siku ya upasuaji.