Mshale wa joto la oili

Asubuhi ile Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, lakini pale kiwanja cha ndege cha Kisongo, Arusha, macho yangu hayakutoka kwenye mshale mmoja mdogo ndani ya ndege ndogo ya Cessna 206. Wiki mbili tulikuwa tunaziba nyufa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na rubani. Injini ilishushwa, bati likapakwa rangi, kila kitu kikarudishwa. Sasa tunaijaribu, hata dakika tano hazijaisha, geji ya joto la oili imeshapita mstari mwekundu.

Nikabadilisha sensa, kile kifaa kinachopima joto la oili kwenye injini. Hali ileile. Nikaazima geji kwa mafundi wa jirani. Hali ileile, na jasho likaanza kunitoka.

Fundi mkuu, tuliyemwita Babu, hakutazama geji kwanza. "Mwanangu, mlishika wapi?" Nikamweleza. Akapanda, injini ikiunguruma, akawasha taa ya kutua. Mshale ukaruka. Akazima, ukashuka. Akarudia mara tatu, taratibu, ili nione.

"Oili haijui kama taa inawaka," akasema.

Sensa ile ina waya mmoja tu. Umeme wake hurudi kupitia mwili wa injini, kisha kwenye mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na bodi ya ndege. Mkanda huohuo hubeba umeme wa stata, mota ya kuwashia injini, na wa jenereta. Upinzani wake wa umeme unatakiwa usizidi 0.003 ya omu. Ukiongezeka kidogo, kila unapowasha kitu kipimo kinayumba, hata kama sensa ni nzima kabisa. Hapo nikakumbuka kwamba stata ilizunguka kwa uvivu tangu alfajiri, nami nikalaumu betri.

Mkanda niliufunga mimi. Nilipofungua boliti nikakuta chini yake rangi mpya, safi, inayozuia umeme kupita, imebaki na alama ya duara ya washa, kile kipete cha chini ya boliti. Nikasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa kama sarafu, nikakaza upya. Tukawasha injini, tukawasha taa zote. Mshale ukatulia kwenye kijani.

Babu akanipa kalamu nijaze kitabu cha ndege. Nikaandika: mkanda ulikuwa umelegea. Akasoma, akanirudishia.

"Haukulegea. Ulikazwa vizuri sana, juu ya rangi. Andika hivyo, mwenzako atakayefungua kitabu hiki ajue pa kutazama."

Nikakata ule mstari, nikaandika upya.