Leveli, stafu na matriksi chanya thabiti: nilivyoelewa

Nilisomea upimaji ardhi hapa Dar es Salaam, na mwaka wa pili tukafika kwenye matriksi chanya thabiti. Hii ni matriksi, yaani jedwali la namba, iliyo linganifu kwenye ulalo wake, tuiite S, ambayo ukichukua vekta (orodha ya namba) yoyote v isiyo sifuri, vᵀSv inatoka kubwa kuliko sifuri; alama ya ᵀ ni kugeuza safu kuwa nguzo. Vipimo vya kuitambua nilivishika mapema: pivoti zote (namba zinazobaki kwenye ulalo ukiondoa visivyojulikana kimoja kimoja) ziwe chanya, aigenivalyu zote (namba ambazo matriksi huzidishia vekta zisizotoka kwenye mstari wake) ziwe chanya, na determinanti (namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriksi) za kona ya juu kushoto, kuanzia ya namba moja hadi ya matriksi nzima, nazo ziwe chanya. Mtihani ningeufanya bila shida. Nilichotaka kujua ni kwa nini vipimo hivyo vinakubaliana, na mpima ardhi inamhusu nini.

Mwanga niliupata kwenye mazoezi ya leveli, chombo cha kupimia tofauti za vimo, kule Goba, kwenye vilima vyake. Tulianza kwenye benchimaki, alama yenye kimo kinachojulikana, tukapima hadi pointi B, kutoka B tukaenda C, kisha tukapima C moja kwa moja kutoka benchimaki. B ilikuwa juu ya benchimaki kwa mita 1.204, na C juu ya B kwa mita 0.857. Jumla yake ni 2.061. Kipimo cha moja kwa moja kikasema 2.070. Zinapishana milimita 9, na hapo hakuna aliyezembea. Jua la mchana hutikisa hewa, stafu, ile fimbo yenye vipimo tunayoisoma kwa leveli, huinama kidogo, kila usomaji una kasoro yake ndogo.

Sasa uandike vimo gani? Mbinu ya miraba midogo kabisa, aliyoichapisha Legendre mwaka 1805 na Gauss mwaka 1809, inasema hivi: chagua kimo x cha B na kimo y cha C ili jumla ya miraba ya masahihisho iwe ndogo kuliko zote. Vipimo vyetu vitatu ni x, y − x, na y. Ukiviandika kama safu za matriksi A unapata (1, 0), (−1, 1) na (0, 1). Zidisha AᵀA, inatoka matriksi yenye safu (2, −1) na (−1, 2).

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta determinanti yake pale maktaba, dada mmoja aliyetutangulia mwaka akanizuia. "Mdogo wangu, hiyo iache kwanza. Iandike kwa x na y, halafu kamilisha mraba."

Nikaandika 2x² − 2xy + 2y², nikakamilisha mraba, ikawa 2(x − y/2)² + 1.5y².

Namba zilizokaa nje ya miraba, 2 na 1.5, ndizo pivoti zenyewe. Ile nusu iliyo ndani ya mabano ndiyo unayozidishia safu ya kwanza kabla ya kuiongeza kwenye ya pili unapoondoa x. Kumbe kuondoa x kwenye matriksi na kukamilisha mraba, tulikofundishwa sekondari, ni kazi ile ile! Pivoti zikiwa chanya, una jumla ya miraba yenye uzito chanya, haiwezi kushuka chini ya sifuri. Determinanti ni pivoti zikizidishwa, 2 × 1.5 = 3. Aigenivalyu ni 1 na 3, zao lake 3 vilevile. Na AᵀA ilikuwa imeshatuambia yote hayo tangu mwanzo, kwani 2x² − 2xy + 2y² ni x² + (y − x)² + y², yaani miraba ya vipimo vyetu vitatu vya Goba.

Kutafuta kimo cha chini kabisa cha jumla ile kukawa rahisi. Mteremko ukiwa sifuri kwa x na kwa y unapata milinganyo miwili: 2x − y = 0.347, na −x + 2y = 2.927. Jibu ni x = 1.207 na y = 2.067. Kila kipimo kimesahihishwa milimita 3, jumla ya miraba ni 27. Ukilitupia kosa lote kipimo kimoja, jumla ni 81.

Lakini mteremko kuwa sifuri peke yake hautoshi, na hapa ndipo napenda kukaa na wadogo zangu wa chuoni kwa muda mrefu. Badilisha −1 zote mbili za matriksi ile ziwe −3. Ukienda upande wa x peke yake, (1, 0), unapata 2. Upande wa y, 2 tena. Unaona ni bakuli, chini yake ni sifuri. Jaribu (1, 1) sasa: 2 − 6 + 2 = −2. Kwa ulalo huo unateremka bila mwisho, wala kitako hakipo. Weka −2 badala yake, upate 2(x − y)², na kila mahali ambapo x = y jibu ni sifuri. Kitako kipo ila kimekuwa mstari mzima, huwezi kusema ni pointi ipi.

Hali hiyo ya mwisho wapima tunakutana nayo sana. Ukisahau kufunga kimo cha benchimaki, yaani kuiambia hesabu kwamba hicho hakibadiliki, vimo visivyojulikana vinakuwa vitatu na matriksi inakuwa na safu (2, −1, −1), (−1, 2, −1), (−1, −1, 2). Ipe vekta (1, 1, 1), inarudisha sifuri. Maana yake inaonekana hata kwa macho: inua pointi zote tatu mita moja kwa pamoja, hakuna tofauti ya kimo itakayobadilika. Vipimo vyote vimeridhika na bado hujui uko juu kiasi gani. Pivoti zake ni 2, 1.5 na 0.

Cholesky, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa mpima, aliyefariki vitani Agosti 1918, aliacha njia ya kutatua milinganyo ya namna hii. Ilichapishwa mwaka 1924. Njia yake inachukua vipeuo vya pili vya pivoti na kugawanya kwa hivyo, kwa hiyo pivoti ikiwa sifuri au hasi, hesabu inakwama hapo hapo. Umbali na pembe haviji kwa miraba safi kama vimo, ila karibu na jibu matriksi ya derivativu za pili (jinsi mteremko unavyobadilika) hukaguliwa vivyo hivyo.

Ofisini siku hizi programu ikigoma kurekebisha mtandao wa pointi tulizopima, sianzi kulaumu vipimo. Naangalia kwanza kama benchimaki imefungwa. Ikiwa imefungwa, natafuta pointi ambayo haijaunganishwa na nyingine yoyote, maana hiyo nayo huleta pivoti ya sifuri, na mara nyingi ni namba ya pointi iliyoandikwa tofauti kwenye kitabu cha fildi.