Betri Niliyoing'oa

Juzi mwanangu kaokota kaseti ya mchezo wa video, kaigeuza mara mbili, kauliza: "Baba, hii inakumbukaje wakati imechomolewa?" Nikamwambia ndani mna betri. Akataka aione. Nikasema kesho.

Kaseti ile kaka aliniachia alipohama. Miaka kadhaa baadaye niliifungua kwa bisibisi ya milimita 3.8, ile yenye kichwa cha duara kilicholiwa ndani, nikapima betri: volti 2.7. Ilikuwa CR2032. Jina lenyewe ni vipimo: kipenyo milimita 20, unene 3.2. Ikiwa mpya hutoa volti 3. Kazi yake ni kuilisha chipu ya SRAM, kumbukumbu inayotunza hatua za mchezo, umeme kidogo sana, miaka nenda miaka rudi, na umeme huo ukikatika kila kilichohifadhiwa kinafutika. Nikaona bora niibadilishe kabla haijaisha.

Vibati vyake viwili vilikuwa vimeshikwa na risasi ya kulehemu kwenye bodi. Nikapasha mguu wa chanya. Risasi ikayeyuka, ikang'aa kama tone la maji, moshi mwembamba ukapanda, kibati kikalegea. Nikakiinua taratibu kwa kibano. Nakumbuka nilifurahi kwamba sijaunguza bodi. Betri mpya ilikuwa pembeni, imeshatiwa vibati, chanya na hasi nimezihakiki mara tatu. Ikaingia vizuri, mita ikasoma 3.1.

Nilipowasha mchezo, nafasi zote tatu za kuhifadhi zilikuwa tupu. Ya kwanza ilikuwa na faili la kaka, jina lake kwa herufi kubwa.

Nilitakiwa kwanza kuunga betri ya pili kwa nyaya kwenye miguu ileile, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ndipo niing'oe ya zamani. SRAM isingehisi kitu. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation, ya mwaka 1994, ilishaondoa hofu hiyo: kilobaiti 128 za flashi, nafasi 15 za mchezaji, haihitaji betri kutunza chochote. Lakini kaka hakuchezea hiyo.

Jana tuliifungua na mwanangu. Mita bado inasoma 3.0. Kaka hajawahi kuniuliza. Mwanangu anataka kuandika jina lake kwenye nafasi ya kwanza, nami sijamwambia ndiyo wala hapana.