Jaribio linalofeli usiku tu

Wiki nzima majaribio ya usiku ya programu yetu yamekuwa yakifeli. Jenkins, chombo kinachoendesha majaribio chenyewe, inaanza kazi saa saba usiku, Selenium, chombo kinachotumia kivinjari kama mtu, inafungua kivinjari, inajaza fomu, inalipa... asubuhi nakuta nyekundu, yaani yamefeli.

Nikiyaendesha mchana, yanapita yote!

Leo nimesoma rekodi mstari kwa mstari.

Tarehe kwenye risiti: ya jana.

Seva inafuata UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko masaa 3 mbele. Hapa Dar ikiwa saa saba usiku, kwake bado ni saa nne usiku, tarehe ya jana.

Kumbe mteja aliyelipa usiku wa manane alikuwa anapewa risiti ya jana, na hakuna aliyelalamika. Hilo limeniuma sana.

Nimesharekebisha. Nasubiri usiku wa leo.

Wenzangu, tofauti ya saa imeshawahi kuwatesa hivi?