Mende wa Kirumba

Harusi ya binamu ndiyo iliyonipeleka Mwanza, na harusi yenyewe sina la kuisimulia: watu walikula, wakacheza, wakatawanyika. Basi la kutoka Dar lilinivunja kiuno, na nauli yake si ya mtu kuvunjwa kiuno. Pale stendi ya Nyegezi, usiku, bodaboda akanitajia bei ya kunifikisha Kirumba utadhani ananiuzia pikipiki yenyewe. Nikalipa. Begini nilikuwa na kadi zangu za Yu-Gi-Oh!, mchezo wa kadi za picha wa Kijapani, na nilishaambiwa Mwanza kuna kundi linalocheza kila Jumapili.

Wanakutana nyuma ya duka la vifaa vya simu, jirani na Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye vifuko vya plastiki vya kadi. Deki yangu, yaani fungu la kadi ninalochezea, niliinakili kadi kwa kadi kutoka kwa bingwa mmoja wa Ulaya. Kazi yake ni kuita majini, viumbe wanaopigana mezani, mfululizo, mmoja akimvuta mwenzake, mpaka mpinzani akose pa kupumulia.

Nikapangiwa fundi simu, kijana mpole mwenye bisibisi mfukoni. Nikaanza mimi. Jini wangu wa kwanza alipotua tu, fundi akatupa kaburini, kwenye rundo la kadi zilizotumika, kadi yenye picha ya mende.

“Maxx ‘C’, kaka.”

“Hiyo imefungiwa!”

“Wapi?”

“Si imefungiwa tangu 2018?”

Wakacheka wote. “Huko kwenu.”

Na kweli. Konami, kampuni ya Kijapani yenye mchezo huu, haina orodha moja ya kadi zilizofungiwa kwa dunia nzima: kuna ya Japani na sehemu kubwa ya Asia, na nyingine ya Marekani na Ulaya. Hii ya pili ilimfungia mende, huku Japani wakiendelea kwa miaka kuruhusu nakala tatu. Sisi kundi letu la Dar tunaletewa kadi na ndugu walioko Uingereza, kwa hiyo tunafuata orodha ya huko. Hawa wa Kirumba kadi zao zinakuja na mfanyabiashara anayefuata makava ya simu Guangzhou, na nyingi zimeandikwa Kijapani. Mzigo ulikotoka ndiko na sheria zilikotoka.

Basi sikiliza mende anavyofanya kazi. Akishatupwa, kila ninapoita jini kwa njia maalumu zamu hiyo, mpinzani anavuta kadi. Nikisimama, uwanja wangu ni mtupu; nikiendelea, namlisha. Nikaendelea. Fundi akawa anavuta bila haraka, moja, nyingine, akizipanga mkononi na kuzisawazisha kwa kidole gumba. Jini wa tano alipokanyaga uwanja, akalaza Nibiru mezani: jiwe linaloshuka kutoka angani na kufagia kila jini aliyeko, mradi mpinzani ameshaita watano zamu ile. Kadi hiyo kwetu ni halali kabisa, ila alikuwa ameivuta kwa hisani yangu. Mji wa mawe, wanasema. Nimeamini.

Mechi zilizofuata niliangalia deki zao zaidi ya nilivyocheza. Kila mtu ana mende watatu. Kisha ana Ash Blossom tatu za kumzima mende wa mwenzake, kisha Called by the Grave ya kumlinda wake. Katika kadi 40, saba au nane zimekwisha kwenye ugomvi huo kabla hujaweka jini hata mmoja. Ndiyo maana wengi wao wanapenda deki za mitego, zinazoita majini wachache: mende hana cha kula. Kuna pia mwalimu wa sekondari anayecheza majoka tu, hataki kusikia kingine, basi nusu ya kundi wana dawa ya majoka kwenye zile kadi 15 za akiba. Mtu mmoja ameibadili meta, yaani deki watu wanazotarajia kukutana nazo, ya mtaa mzima!

Dar hatuna mwalimu wa hivyo. Bingwa wa Ulaya alipanga deki yake akijua Wazungu wenzake watakuja na nini. Sisi tunaibeba nzima, na kwa kuwa kila mtu kwetu Sinza ameinakili hiyohiyo, tunaishi kwenye Ulaya yetu ndogo na inatutosha. Pale Kirumba deki hiyo ilikuwa haina adui iliyetengenezewa.

Jioni wakanipeleka kula sato wa kuchoma, bei ya Masaki, na ziwa naliona pale. Nilipolalamika, mama muuzaji akaniuliza kama nimesikia sato siku hizi anajileta mwenyewe.

Tumekubaliana waje Dar mwakani. Ila orodha ipi itumike, hapo bado tunabishana kwa simu. Mimi nimesema haiwezekani kucheza na kadi za Kijapani mbele ya watu wasioweza kuzisoma.

“Hata sisi hatuzisomi, kaka,” fundi akanijibu. “Tunajua picha.”